Kidole Kilichosema Uongo

Kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani kwao Yokosuka, Chinatsu na mama yake walisimama mlangoni wakinyoosha vidole.

"Jiko?" mama aliuliza.

"Limezimwa."

"Dirisha?"

"Limefungwa."

Wenzake darasani walimcheka, eti kwao wanaongea na majiko. Lakini mama yake alikuwa rubani wa nyambizi ndogo ya utafiti, na kazini kwake hakuna kinachoaminiwa mpaka kionyeshwe kwa kidole na kutajwa kwa sauti.

Siku ya safari mama aliongeza swali. "Koo?"

Koo la Chinatsu lilikuwa likimwasha tangu jana yake. Lakini akisema, hatafika bandarini kumuaga mama, na mama anakwenda baharini wiki tatu. Akagusa shingo kwa kidole. "Salama."

Gatini, nyambizi ilikuwa imeshapakiwa melini. Bwana Segawa, rubani mwenzake na mama, alimtania Chinatsu, "Leo kimya, umemezwa na samaki? Mama yako ameingoja zamu hii miaka miwili. Keshokutwa anashuka mita elfu sita!"

Chinatsu alikijua chumba cha nyambizi: upana mita mbili, watu watatu, kwa muda wa saa nane, hewa ileile. Mama alipoinama kumkumbatia, alirudi nyuma.

"Usinishike, mama. Nilidanganya. Koo linaniuma."

Mama akatoa barakoa mkobani, akaivaa.

"Segawa, anza wewe. Tumekula naye meza moja asubuhi hii. Mimi nitasubiri melini peke yangu nione kama nimeambukizwa."

"Nimekuharibia," Chinatsu alisema akilia.

"Nimeumia, sikufichi. Lakini kama ningeugulia kule chini, ningewaponza na wenzangu. Nenda na bibi kwa daktari, unywe dawa."

Bibi yake, aliyewasindikiza, akamshika mkono.

Baada ya wiki tatu mama alirudi. Hakuugua, na zamu ya mwisho kabisa alishuka yeye. "Niliona chaza weupe wamejaa matopeni," alisema, "kama mabakuli yako usiyoyaosha."

Kabla hajavua viatu, alisimama mlangoni. "Koo?"

Chinatsu alimeza mate kwanza, akahakikisha, ndipo akanyoosha kidole. "Salama."

"Naam. Kidole, mwanangu, kinaonyesha kilichopo, si tunachotamani kiwepo. Siku ile ulichelewa kusema, lakini ulisema, nami nikaenda baharini nikijua mtoto wangu anaaminika."

Kisha akamkumbatia, kumbatio la wiki tatu nzima.