Mumbere wa Kyavinyonge

Orpa alipomwinua mwanawe kutoka mchangani, aliona mashimo mawili. Moja lilikuwa la Kambale, aliyekuwa amekaa hapo akichezea ganda la konokono. La pili lilikuwa kando yake, la ukubwa uleule, na lilikuwa linajaa maji.

Alidhani mtoto amesogea. Lakini Kambale alikuwa bado mchanga. Ukimkalisha mahali, hapo ndipo utakapomkuta.

Ilikuwa Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, mashariki mwa Kongo, mwaka 2001. Wiki hiyo waasi walikuwa wameifungua barabara, na mumewe Ézéchias alishuka kununua samaki wa chumvi wa kuuza Butembo. Orpa aliomba kwenda naye. Ézéchias hakuuliza kwa nini. Mwanzoni mwa vita, wakikimbia risasi, mtoto wao wa kwanza, Mumbere, alikufa kwa homa kwenye ufuko huohuo. Wavuvi walimzika mchangani, haraka, bila sala. Orpa hakujua tena ni wapi.

Mwanamke mmoja alikuwa akisugua sufuria majini. Aliuliza bila kugeuka.

"Mutoto jina gani, mama?"

"Kambale."

"Na Mumbere iko wapi?"

Kwa Wanande, watu wa Orpa, hilo si swali la ajabu. Jina hutaja zamu ya kuzaliwa: Mumbere ni wa kwanza, Kambale wa pili. Anayesikia la pili huulizia la kwanza, kama salamu. Lakini mama mkwe wa Orpa alikuwa amemfundisha kwamba kifo cha mtoto hakitajwi mbele ya mdogo wake anayenyonya.

"Iko ku nyumba," alijibu.

"Ku nyumba," mwanamke alirudia polepole. "Aksanti, mama."

Orpa akainama kumfunga Kambale mgongoni. Alipoinua kichwa, hapakuwa na mwanamke wala sufuria.

Butembo iko milimani, kwenye baridi. Harufu ya ziwa haifiki huko. Kwao ilifika. Ilianzia chumbani, harufu ya tope na magamba, na Ézéchias akasema ni nguo zake za kazi. Kisha mchanga ukaonekana kwenye blanketi la mtoto. Orpa aliukung'uta asubuhi. Jioni ulikuwepo tena, umelowa.

Alfajiri moja aliamka akihisi mtoto ananyonya, akamshika mgongo, mgongo ulikuwa baridi na umelowa, akafikiri ni mkojo, akanyoosha mkono kutafuta kitambaa, na ndipo alipomwona Ézéchias amesimama mlangoni akimbembeleza Kambale aliyekuwa akilia kwa njaa, huku kile kilichokuwa kifuani pake kikiendelea kumeza, bila haraka, kama chenye haki yake.

"Ézéchias," alinong'ona. "Huyu ni nani?"

Mumewe alimgeuza Kambale uso uelekee ukutani.

Kambale alikonda. Maziwa yalikuwa yakiisha kabla yeye hajafikishwa kifuani. Wakamwita Mama Katungu, mwombezi wa kanisa lao, aliyejulikana kwa kufukuza majini. Alichota mchanga kitandani, akaunusa.

"Walikuuliza juu ya mutoto. Ulijibu nini?"

Orpa alimwambia.

"Mumbere wako alikufa, hana shida na mutu. Hii ni jini ya maji, ilikuwa inatafuta kwenye italala. Ulifungua mulango na kinywa. Utafunga na kinywa, kulekule."

"Lakini barabara imefungwa tena," Ézéchias alisema. "Banapigana."

"Basi ungojee, papa. Na mutoto utamuambia angojee?"

Waliondoka siku hiyo, Mama Katungu pamoja nao, kwa njia za miguu.

Ufukoni, Orpa alisikia sufuria ikisuguliwa, karibu, ingawa hakuona mtu. Akasema kwa sauti, kama Mama Katungu alivyomfundisha:

"Mumbere alikufa. Iko hapa ndani ya muchanga. Ku nyumba yangu hapana Mumbere."

Mlio ulikoma. Mama Katungu akasema amina.

"Sasa mukalishe Kambale chini, tuone."

Orpa alimkalisha, kisha akamwinua. Mama Katungu alihesabu kwa mbali na kutabasamu: shimo moja tu. Orpa, aliyekuwa karibu, aliona kwamba shimo hilo linajaa maji. Alilifukia kwa mguu kabla mwombezi hajasogea. Alijiambia ni wimbi.

Nyumbani harufu iliisha. Mtoto alinenepa. Alinyonya vizuri, bila haraka. Ézéchias alirudi sokoni na kuanza tena kucheka. Ila mtoto hakugeuka alipoitwa. "Kambale," Orpa alisema kila asubuhi karibu na sikio lake. "Kambale."

Butembo kila ua una Mumbere wake. Jumamosi moja, Orpa akiwa amechuchumaa bombani akisugua sufuria, na mtoto mgongoni, jirani yake Kavuo alimwita mwanawe nyuma ya ukuta.

"Mumbere! We Mumbere, kuya hapa."

Mgongoni, mtoto aliinua kichwa, akaugeukia ukuta, akacheka.

"Mama Kambale," Kavuo aliuliza kutoka upande wa pili, "Kambale iko wapi?"

Orpa hakugeuka. Aliendelea kusugua sufuria.

"Iko ku nyumba," alisema.