Aliyeitwa Mwizi Waithaka

Kila Jumamosi asubuhi, Lornah alisugua kigogo cha kukatia nyama kwa maji moto na chumvi, kisha akafungua bucha ya wazazi wake hapo mtaani Waithaka. Mama yake, Everlyn, ndiye aliyeisimamia bucha hiyo. Lakini Everlyn alikuwa pia askari wa akiba. Jeshi lilipomwita kambini kwa mazoezi, aliweka kisu chini, akavaa buti na kwenda.

Jumamosi moja alitarajiwa kurudi kutoka kambini. Baba, Bwana Okinyi, alikuwa akienda machinjioni kuleta nyama.

"Usitoke dukani hata kidogo," alimwonya Lornah.

"Sawa, Baba."

Lakini rafiki yake Jacklyne alipomwita saluni ya jirani wakatazame video kwenye simu, Lornah alitoka. Walicheka hadi wakasahau saa. Aliporudi, mzani haukuwepo mezani.

Angemwambia nini Baba? Papo hapo kijana mmoja akapita mbio mbele ya bucha.

"Mwizi!" Lornah alipiga kelele. "Mshikeni! Mwizi!"

Hakuwa amemwona akichukua chochote. Kijana hakuwa amebeba mzigo wowote. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mwendeshaji bodaboda mmoja alimpiga kijana mtama, akaanguka kifudifudi. Watu wakamiminika kutoka kila upande. Teke likampata mbavuni, jingine mdomoni. Rungu likamshukia mkononi, na Lornah akasikia mfupa ukivunjika kama ukuni mkavu.

"Mnanionea! Naenda kazini!" kijana alilia, damu ikimtoka puani.

"Leteni tairi!" mtu akafoka. Mwingine alikuwa tayari na chupa ya petroli.

Lornah alirudi nyuma hadi mlangoni mwa bucha.

Ndipo mwanamke mwenye buti na begi kubwa mgongoni akapenya katikati ya umati. Alikuwa Everlyn. Alijitupa juu ya kijana akamfunika. Jiwe lililokuwa limerushwa likampasua yeye kwenye paji la uso.

"Ondoka, Mama Lornah! Ameiba kwako!"

"Kama ni kwangu, basi nijibuni mimi," Everlyn alisema akiinuka, damu ikimwingia jichoni. "Nani alimwona akiiba?"

Mwenye petroli akazidi kusogea.

"Ni mimi niliyepiga kelele," Lornah akasema. "Sikumwona akiiba, Mama. Hata dukani sikuwepo."

Kabla mtu hajasema neno, Fundi Shamsudin, jirani yao, akafika akihema, mzani kwapani.

"Jamani, kuna nini? Okinyi aliniomba niutengeneze mzani huu. Nilikuta duka tupu, nikauchukua."

Chupa ya petroli ikawekwa chini. Watu wakaondoka mmoja mmoja, wameinamisha vichwa.

Kijana huyo aliitwa Norman, kibarua wa mjengo kule Kileleshwa. Alikuwa akikimbia asichelewe kazini. Hospitalini alifungwa plasta mkononi, na wazazi wa Lornah wakagharamia matibabu. Jioni Lornah alisimama kando ya kitanda chake.

"Nisamehe, kaka."

Norman alimtazama kwa jicho moja lililoweza kufunguka. "Mama yako angechelewa kidogo," akasema polepole, "ungekuwa unaomba msamaha kwa majivu."

Lornah alilia njia nzima.

"Acha jeshi, Mama Lornah," Baba alisema walipofika nyumbani. "Bucha inakuhitaji."

"Hapana, Baba," Lornah akajibu. "Kosa si la jeshi. Mimi ndiye niliyeacha zamu yangu."

Everlyn, kichwa kikiwa kimefungwa bendeji, akamketisha karibu naye.

"Hapo umesema kweli. Kazi mbili naziweza, mradi ninayemwachia moja asimame mahali pake. Tena sikiliza, mwanangu. Kambini hatufyatui risasi kabla ya kumtambua aliye mbele yetu, kwa sababu ikishatoka hairudi. Ulimi nao ni vivyo hivyo. Usimtwike mtu kosa ambalo hukumwona akilitenda. Na ukikosea, sema upesi, kabla mwenzako hajalipa kwa uhai wake."