Njia ya Nyuma ya Tangi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Adero alifagia uga, akamsaidia mama yake kupanga samaki wa kukaanga katika beseni, kisha akaifanya kazi aliyoipenda kuliko zote: kusugua raba zake nyeupe kwa mswaki mkuukuu. Majirani wa Kaloleni walimtania wakisema kwamba hata kuku wakimwona akipita, hujipangusa miguu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Sita, mwepesi wa kusema na mwepesi wa kusifiwa.

Muhula huo palikuwa na habari moja tu midomoni mwa watu. Baadhi ya nyumba kuukuu za mtaa huo, zile fupi zenye nyua pana, zilikusudiwa kubomolewa ili pajengwe maghorofa yatakayochukua familia nyingi zaidi. Kando yake pangejengwa kituo cha mabasi. Hata hivyo, kabla ya mpango kupitishwa, wakazi walitakiwa kutoa maoni yao. Mwalimu Jacinta, aliyefundisha Masomo ya Jamii, alimwendea Bwana Walter, afisa wa mipango, akamwomba awashirikishe wanafunzi wake.

"Hakuna anayezunguka mtaa huu kama watoto," alimwambia. "Waacheni wawaonyeshe watu hupitia wapi."

Wanafunzi wakagawanywa wawili wawili. Kila jozi ilipewa vijia vyake vya kutembelea, ione nani huvitumia na kwa shughuli gani. Adero aliwekwa pamoja na rafiki yake Naswa. Bahati mbaya, Naswa alishikwa na malaria, naye Adero akabaki peke yake. Vijia vya karibu na duka na kanisa alivimaliza bila taabu. Kikabaki kimoja tu, kile kinachopita nyuma ya tangi kuukuu la maji, katikati ya ua wa michongoma na mtaro.

Jumamosi aliyokwenda huko, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Udongo mweusi wa Kisumu una tabia ya kupe: ukishika mguu hauachi. Adero alisimama chini ya upenu wa duka, akakitazama kile kijia kilichogeuka uji, kisha akazitazama raba zake. Kesho yake alitakiwa kuimba kanisani. Alichungulia huku na huku, asione mtu.

"Nani atapita hapa?" alijiambia, akarudi nyumbani.

Jumatatu Mwalimu Jacinta alimuuliza, "Na njia ya nyuma ya tangi?"

"Nimeipita mara mbili, Mwalimu. Hakuna anayeitumia."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na mvua yote ile!" Mwalimu aligeuka kulitazama darasa. "Mmemsikia mwenzenu? Peke yake, mvuani. Basi Adero ndiye atakayewawakilisha mkutanoni."

Darasa zima lilipiga makofi. Adero alitabasamu, lakini ndani yake alihisi kama mtu aliyesikia komeo likifungwa kwa nje.

Jioni alikwenda kumjulia hali Naswa. Alimkuta ameketi kitandani, amekonda, akinywa uji aliokorogewa na bibi yake Nabututu, ambaye wote walimwita Kukhu, yaani bibi kwa lugha yao. Bibi huyo alikuwa kipofu tangu ujana wake, lakini alijua kila sauti ya mtaa. Adero alipobisha hodi tu, aliita, "Karibu, mwenye viatu visivyokanyaga chini!"

Bibi alipotoka kwenda kuosha vikombe, Naswa aliuliza, "Ile njia yetu umeikuta na watu wangapi?"

"Njia gani?"

"Ya nyuma ya tangi. Kukhu hupita pale kila siku, akiufuata ule ua kwa fimbo mpaka kwenye kioski cha maji, halafu kanisani. Jumamosi ile hakutoka, alikuwa ananiuguza. Bila shaka umewaona wengine."

"Niliwaona," Adero alijibu. "Wachache."

Ulikuwa uongo wa pili, nao ulimlemea kuliko wa kwanza. Siku iliyofuata alikwenda mpaka mlangoni pa chumba cha walimu, ameshajikaza kusema. Kabla hajabisha, alisikia sauti ya Mwalimu Jacinta: "Maafisa wameshachukua kazi ya watoto wangu. Yule Adero, mkimpa jukumu, mmelala usingizi." Mkono wake uliokuwa tayari kubisha ulishuka. Tangu hapo, kila alikogeukia aliuona ukuta: akisema, ataaibika mbele ya darasa zima, asiposema, mambo yatajiendea yenyewe kama gari lisilo na breki. Chakula kikamshinda. Mama yake alipomuuliza kulikoni, alijibu kwamba kichwa kinamuuma.

Siku ya mkutano, ukumbi wa kanisa ulijaa pomoni. Mtaa mzima ulikuwa umelazwa sakafuni: barabara zilichorwa kwa chaki, maghorofa yalikuwa makasha ya katoni, na punje za mahindi zilimwagwa kila mahali ambapo watu hupita. Nyuma ya kopo lililosimama badala ya tangi, hapakuwa na punje hata moja.

Naswa alikuwa bado dhaifu, kwa hiyo Kukhu Nabututu aliletwa na jirani. Alipoisikia sauti ya Adero akiwasalimu wakubwa, aliomba aketishwe karibu naye. Adero akajikuta amebanwa kati ya ukuta na yule bibi, bila hata nafasi ya kunyoosha miguu.

"Leo Naswa hayupo," bibi alimnong'oneza. "Wewe ndiye macho yangu, mjukuu."

Mjadala ukapamba moto. Mzee Okello, fundi wa baiskeli, alisimama kwanza. "Bwana Walter, ghorofa ni nzuri. Lakini msiba ukitokea, hema tutalipiga wapi? Kwenye ngazi?"

Watu wakaangua kicheko. "Na jogoo wako, Mzee, atawikia ghorofa ya nne!" mtu alidakia kutoka nyuma. Mama Debra, muuza mboga, alitaka kujua maji yatapandaje huko juu ikiwa hata chini huja kwa kusitasita. Bwana Walter alijibu kwa subira, akiandika kila hoja. Akasogeza kasha moja ili ibaki nafasi ya hema, watu wakapiga makofi.

"Sasa kipande cha nne cha ardhi," alisema. "Hapa tutaweka ghorofa refu na ukuta wake, na upande huu mabasi yatageuzia. Wanafunzi wametuthibitishia kwamba kijia kilichopo hakitumiki. Adero, ndivyo?"

Macho yote yalimgeukia. "Ndivyo," alisema, kwa sauti ndogo kuliko ya mbu.

Bwana Walter aliliweka kasha mahali pake. Adero aliona kilichotokea. Nyumba ya Kukhu, kisanduku kidogo cha kiberiti, sasa ilikuwa na ukuta mbele na mtaro nyuma. Pembeni ilibaki sehemu ya kugeuzia mabasi tu, na hakuna fimbo ambayo ingeweza kupapasa hapo.

"Wanaonyesha nini?" bibi aliuliza. "Kipande cha nne ndicho wapi? Na njia yangu iko?"

Adero alifungua kinywa. Ukumbi ulikuwa na joto, na ukuta mgongoni mwake ulikuwa mgumu.

"Iko, Kukhu."

"Vizuri. Basi mimi sina neno."

Bwana Walter alipandisha sauti. "Wanaokubaliana na kipande cha nne, wainue mikono." Mikono ikaanza kuinuka mmoja mmoja. Kando ya Adero, mkono mmoja uliokunjamana, wenye makovu ya miiba ya michongoma kwenye vidole, ulipanda juu polepole kwa imani kamili.

Adero aliutazama mkono ule. Bibi alikuwa akiipigia kura nyumba yake igeuke mtego, kwa sababu aliyaamini macho ya Adero.

"Shusha mkono, Kukhu!"

Sauti ilimtoka kabla hajaijua. Watu wakamgeukia. "Shusha mkono, nakuomba. Njia yako haipo. Wameifunga. Ni mimi niliyesema haitumiki." Machozi yalimtiririka. "Sikuipita, Mwalimu. Kulikuwa na matope, nikaogopa kuchafua viatu. Nilisimama dukani nikachungulia tu."

"Yawa!" mtu alimaka. Mwingine akasema kwa dhihaka, "Kumbe ndiyo sababu zinameremeta!" Vijana wachache walicheka. Mwalimu Jacinta hakucheka. Uso wake ulikuwa umesawijika, na Adero alitamani sakafu ile ya chaki immeze.

Kukhu Nabututu alishusha mkono wake taratibu, akauweka juu ya goti la Adero. "Kwetu husema mtoto akilia amepata njia," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Bwana mkubwa, njia unayoifunga ni yangu. Kama unataka kuijua, twende nikuonyeshe."

Bwana Walter aliifunga kalamu yake. "Kosa si la mtoto peke yake," alisema. "Alituletea jibu lililoturahisishia kazi, nasi hatukurudi kulihakikisha. Hakuna kura hapa leo. Twendeni."

Mkutano mzima ukatoka, bibi akiwa mbele, fimbo yake ikigonga ua tak, tak, tak. Mvua ya usiku uliotangulia ilikuwa imekiacha kijia telezi, na Adero alikanyaga matope bila kutazama chini. Hawakufika mbali. Walikutana na mchuuzi akisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, wasichana wawili wakitoka kwenye kioski cha maji, na mama aliyembeba mtoto mgongoni akielekea zahanati.

"Nyinyi hupita hapa kila siku?" Bwana Walter alimuuliza mchuuzi.

"Sasa nipite wapi, Mkubwa? Kule barabarani magari yatanifagia."

Mzee Okello alitikisa kichwa. "Hata boma la Mjaluo huwa na kilango cha nyuma, tunakiita *rot*. Nyumba yenye mlango mmoja ni mtego wa panya."

Baada ya majuma mawili mkutano uliitishwa tena, na safari hii Naswa alikuwapo. Kabla yake, yeye na Adero walikuwa wamevitembelea upya vijia vyote, asubuhi na jioni, juani na mvuani, kama Mwalimu Jacinta alivyoagiza. Kasha la kipande cha nne sasa lilikuwa jembamba chini na limeongezwa ghorofa moja juu, ili familia zilizokusudiwa zipate pa kukaa bila kuumeza mtaa. Mabasi yangeingia na kutoka upande wa barabara kuu. Nyuma ya tangi, njia ya saruji ilichorwa kwa chaki, na ubavuni mwake uzi mwekundu ulionyesha chuma cha kushikilia. Punje za mahindi zilijaa hapo mpaka zikapandana.

Kabla ya kura, Mwalimu Jacinta aliwaita wanafunzi wake kando.

"Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na Adero aliitembea mpaka mwisho wake," alisema. "Lakini aligeuka angali na nafasi, na hilo linahitaji moyo. Shikeni jambo moja. Mtu akikutuma ukaone kwa niaba yake, amekukabidhi macho yake. Ukizembea, hukujidanganya wewe tu. Umewapofusha wote waliokuamini. Mji hujengwa kwa mawe na saruji, ndiyo, lakini msingi wake ni neno la kweli la kila mkazi."

Adero alirudi akaketi kando ya Kukhu Nabututu. Raba zake zilikuwa na mstari mweusi wa udongo uliokataa kutoka kwa mswaki wowote.

"Wanaokubaliana, wainue mikono," Bwana Walter alisema.

Bibi hakuinua. Alimgeukia Adero. "Njia yangu iko wapi, mjukuu?"

Adero aliushika mkono wake, akamwinamisha mpaka vidole vyake vikagusa uzi mwekundu sakafuni, akavitembeza kutoka kwenye kisanduku cha kiberiti, kupita kopo, hadi kanisani. Bibi aliurudia mwendo huo peke yake, polepole, bila kuharakishwa na mtu.

"Haya," alisema, akainuka. "Mkono wangu sasa unaweza kupanda."