Kwanza Moyo, Kisha Damu

Alhamisi, duka la Wayahudi washika dini huko Brooklyn limefurika wanawake wenye viwiko vya chuma, Yitta akanyoosha mkono kwenye kopo la mwisho la mafuta ya kuku. Mwalimu wa sayansi huyo, sketi nyeusi, sweta la kijani lililomkaa hadi nami ninayesimulia nikaona wivu. Kopo lilikuwa limeshashikwa na kijana mwenye ndevu changa.

"Dada, mama yangu ataniua."

"Basi ufe. Wangu atatuua wote wawili."

Kijana huyo, Anshel, akaliachia, akaomba namba ya simu kama fidia. Kwao hayo ni mambo ya mshenga, lakini mshenga hakuwa kwenye foleni.

"Mwalimu," alimpigia, "mafuta yana kazi gani zaidi ya kuninenepesha?"

"Kila seli yako imezungushiwa ukuta wa mafuta. Vichwa vya chembe zake vinapenda maji, mikia inayakimbia."

"Kama mjomba Fishel siku ya kuoga!"

"Mjinga wewe! Na yamefunika mishipa ya fahamu, habari zifike upesi."

"Zangu zimeshafika, kipenzi."

Kosa lao ni hilo. Kwao kijana hupimwa damu mapema kutafuta ugonjwa wa kurithi, akapewa namba. Namba za wachumba wawili hupelekwa maabara kwa simu zilinganishwe kabla moyo haujaonja. Hawa walionja kwanza.

Anshel alipiga simu hiyo, kisha akanyamaza siku kumi na mbili. Yitta akaamini amepata mwingine, mwembamba.

"Huyo mwenzangu anavaa viatu namba ngapi?" akampigia kuuliza.

"Hakuna mtu, Yitta. Ni damu. Sote wawili tunabeba ule ugonjwa."

Yitta aliujua. Shangazi yake alizika watoto wawili. Mafuta fulani hayavunjwi, yanarundikana ubongoni, mpaka mtoto anasahau kucheka, kisha kuona, kisha kumeza.

Walikutana kituo cha basi, mvua inanyesha, wamesimama mbalimbali kama wadeni.

"Ni mtoto mmoja tu kati ya wanne," Anshel alisema. "Au tusizae kabisa."

"Wewe? Uliyechekesha vitoto vya foleni nzima siku ile dukani?"

"Basi tubahatishe."

"Na huyo wa nne utamwita nani?"

Majina ya babu zake wote Anshel aliyajua. Hakuthubutu kutoa hata moja.

"Nenda, mpenzi," Yitta akasema. "Ukitangulia wewe, mimi nitaweza."

Akatangulia. Mabasi matatu yakapita, Yitta bado amesimama.