Herufi za Kadi ya Kausar

Stesheneri ya mtaa wa Nyasubi ilikuwa imejaa watu wa fotokopi siku Murtaza alipomkanyaga Generosa.

"Kaka, hicho ni kiatu changu, si kizingiti!"

"Samahani, dada. Ningejua mwenyewe ni mzuri hivi, ningekanyaga vyote viwili."

Generosa, fundi wa kadi pale, alijikung'uta gauni lake la kitenge cha rangi ya chungwa, akajikaza asicheke. Kufikia mavuno ya pamba walikuwa wakiitana "roho yangu".

Kisha ikaja kadi ya harusi ya Kausar, dada yake Murtaza: ubeti wa Kiajemi juu, Kiingereza chini. Murtaza aliutuma ubeti kwa simu, maneno yakaja yameshikana. Kwenye kompyuta, fonti, ule mtindo wa herufi aliouchagulia Kiingereza, iliyakatakata herufi mojamoja, ikayapanga kinyumenyume. Generosa akadhani ndivyo yaandikwavyo. Akachapa.

Shangazi Dhanbai, aliyewalea Murtaza na dada yake, aliingia dukani na Murtaza, akazimwaga kadi mezani.

"Nani kachapa takataka hii? Msukuma wewe, Kiajemi utakijulia wapi?"

"Shikamoo, mama. Nilinakili alivyonitumia Mur..."

"Murtaza, unamjua huyu?"

Murtaza akatazama feni. "Ni fundi tu, shangazi."

Neno lile lilimchoma Generosa kuliko tusi. Hata hivyo alizijaribu fonti, akilinganisha na simu herufi kwa herufi. Moja iliunganisha Kiajemi, ikavuruga Kiingereza. Nyingine iliacha viboksi vitupu mahali pa herufi za Kiajemi ambazo Kiarabu hakina. Mwishowe akapata iliyobeba lugha zote mbili bila kuonea hata moja. Akamtumia Murtaza picha, kisha akachapa upya.

Simu ikalia.

"Roho yangu, ndiyo yenyewe! Shangazi kafurahi mpaka basi."

"Umemwambia kaifanya nani?"

"Nimesema... imetoka Mwanza."

"Basi kadi zako zifuate Mwanza." Akakata.

Murtaza alifika mbio, shati la hariri limemgandia mgongoni.

"Gene, harusi ni Jumamosi!"

"Ndiyo maana nakwambia uwahi basi."

Watu wa fotokopi wakaguna.

"Unataka nifanye nini?"

"Simu unayo."

Alipiga. Generosa akanyoosha kidole, akawasha spika ya simu.

"Shikamoo, shangazi. Kadi... hazikutoka Mwanza. Kazitengeneza Generosa, yule wa Nyasubi. Nilisema ni fundi tu. Nilidanganya. Ni mchumba wangu, akinikubali."

"Basi akupikie yeye! Kwangu usikanyage!"

Simu ikakatwa. Murtaza alikuwa amepauka kama karatasi.

"Umesikia mwenyewe. Sina hata pa kula mchana."

Generosa alimsukumia boksi la kadi kwa mguu, kisha akamvutia kiti.

"Kaa. Kuna ugali na dagaa. Na hujasamehewa, unakula tu."