Uso Uliokwisha Kuliliwa

Haya yalimkuta mwaka jana Donatien, mchapaji tisheti, jirani yetu hapa Kindu. Asiyeamini aende akatazame dirisha lake. Siku ilianza kama siku zote. Donatien alikunywa chai kwa muhogo, akamfunga binti yake Sofia kamba za viatu, kisha akaenda karakana kuchapa picha zake mwenyewe.

Zilikuwa picha za kuchekesha, za rangi kali: Donatien mwanajeshi, Donatien bosi mwenye miwani myeusi, Donatien mchungaji, Donatien Mami Wata, yule nguva wa mtoni, mwenye nywele hadi kiunoni. Miili aliichora upya kila mara. Uso ulikuwa ule ule mmoja, aliouchapa kwa fremu ya zamani, ubao wenye kitambaa cha kupitishia wino. Wageni walizigombania.

Fremu hiyo ndiyo balaa lenyewe. Ilitengenezwa wakati wa vita, mji umezingirwa, chumvi haionekani. Mdogo wake, Jérôme, alitoka kwenda kijiji cha Tunda kutafuta chakula, asirudi. Picha zake zote zilikuwa zimeungua pamoja na nyumba, na mama yao akakataa kufanya matanga ya mtu asiye na uso. Ndugu hao walifanana kama shilingi kwa ya pili. Basi Donatien akakaa mbele ya kioo, akajichora mwenyewe, akachapa tisheti ishirini kwa jina la Jérôme. Watu wakazivaa, wakalia siku tatu. Hata Divine, wakati huo mchumba wa Donatien, aliivaa.

Shangazi yao Mwanvua alimwonya. "Uso wenye watu wamelilia njo ya marehemu. Osha fremu leo. Ukiitumia tena, mwenyewe atakuya kuichukua."

Lakini kitambaa cha fremu kilikuwa adimu, na Donatien hakuwa mtu wa kutupa kitu. Aliifunga kwa gazeti, akaiweka hadi mwaka jana.

Baada ya zile picha nne, watu sokoni walianza kumwitikia salamu kama mgeni. Muuza mikate wake wa miaka yote alimuuliza kama ametoka Punia au Lubutu. Donatien alicheka. Siku ya tatu Sofia alimkuta mlangoni, akakimbilia nyuma ya Divine.

"Mama, ule mutu njo nani?"

Divine alimtazama mumewe kitambo kirefu mno. "Njo papa yako," alinong'ona, na sauti yake haikuwa na hakika.

Mengine yote Donatien angeyavumilia, lakini si mtoto wake wa pekee kumsahau. Alirudi karakana mbio, huku akilia. Akaimwagia fremu dawa ya madoa, akasugua. Uso haukutoka. Akaongeza petroli. Vidole vikachubuka. Uso haukutoka. Akaichoma uani. Ilinuka nywele zinazoungua.

Akakimbia nyumbani, jua bado kali. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akaenda dirishani.

Mtu alikuwa amekaa mezani. Amempakata Sofia. Sofia anacheka. Mtu akageuka.

Alikuwa na uso wa Donatien. Shingoni wino ulikuwa haujakauka.

Donatien akabandika uso wake kiooni, akamwita mwanawe. Sauti haikutoka. Akaita tena. Divine ndiye aliyesogea, akamwona, na machozi yakamtoka.

"Jérôme," alinong'ona. "Shemeji, tulishakulilia. Rudia kwako, utuache."

Akavuta pazia.

Leo Donatien yupo, anachapa tisheti kama zamani, na Sofia anampenda baba yake. Ila sasa muhogo wake haupiti kooni bila chumvi ya kujaza kiganja, na ukimtajia Tunda huinuka akaondoka.

Kwenye kioo cha dirisha, kwa nje, kumebaki uso mweusi, mdomo wazi. Petroli haiutoi. Asubuhi Sofia huupitishia mkono, na kila mara mkono hurudi na wino mbichi.