Mizinga ya Mogire

Kila asubuhi Drusilla aliteremka mtoni na mtungi wake wa plastiki, akaupandisha hadi nyumbani, akampa mtamba wao, ng'ombe jike ambaye hajazaa, majani ya migomba, kisha akanywa chai akiwa amesimama jikoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, naye alikuwa gredi ya sita. Drusilla alimpenda sana mtamba yule. Alimkuna shingoni kila siku na kumsimulia habari za shule kana kwamba angemjibu.

Shamba lao lilikuwa kipande chembamba kilichoanzia barabarani na kuteremka mpaka mtoni. Mashamba yote ya kijiji chao, pale karibu na Kenyenya, yalikuwa hivyo. Babu aligawia wanawe, wanawe wakagawia wana wao, na kila mmoja alitaka kipande chake kiguse barabara na kiguse maji. Basi yakabaki mashamba marefu yasiyo na ubavu. Ukipiga chafya kwako, jirani anakuambia pole kutoka kwake.

Baba yake Drusilla, Mzee Ombui, alikuwa mkulima wa majani chai na mzee wa kanisa la Wasabato. Alikuwa mtu wa sala ndefu na subira fupi. Ukutani sebuleni alikuwa ametundika picha kubwa ya kaka yake Drusilla, Mogire, akiwa amevaa joho siku aliyopata shahada ya uhasibu. Mgeni akiingia, alionyeshwa picha hiyo kabla hajapewa kiti.

Shida ni kwamba Mogire mwenyewe hakuipenda picha hiyo. Alipata kazi ya ukarani katika duka la jumla mjini Kisii, akakaa mwezi mmoja, akarudi nyumbani kwa bodaboda akiwa amefunga mizinga minne ya nyuki nyuma yake. Aliipanga kando ya ua, chini ya mparachichi, ili aione kutoka dirisha la chumba chake. Nyuki wakaingia, wakajenga masega, na Mogire akawa mtu mwingine. Alicheka na kupiga mluzi. Alikaa karibu na mizinga akiisikiliza ikivuma kama mtu anayesikiliza redio.

"Nani alikufundisha kazi hii?" Drusilla alimuuliza siku moja.

"Mtu hafundishwi kupenda, Drusi," Mogire alijibu. "Natazama video kwenye simu. Mengine nitayajua mbele ya safari."

Drusilla aliridhika. Mogire ndiye aliyemfundisha kusoma, naye aliamini kila alichosema. Hakujiuliza kwa nini kaka yake aliyesomea hesabu miaka minne hakutaka kusomea nyuki hata wiki moja.

Alhamisi jioni Mzee Ombui alirudi kutoka kituo cha majani chai akiwa bado na kikapu mgongoni. Huko kituoni alikuwa ameambiwa kwamba Mogire aliitwa kwenye mahojiano ya kazi katika ofisi moja ya Kisii, naye hakwenda. Mzee hakusalimu mtu. Alimfuata Mogire chini ya mparachichi akamzaba kofi lililosikika mpaka jikoni.

"Mgongo huu umepinda kwa ajili yako!" alifoka. "Miaka yote nimechuma majani kwenye mvua usome! Leo unaitwa kazini unabaki kucheza na wadudu?"

"Tata, hii ndiyo kazi ninayoipenda," Mogire alimwambia baba yake akishika shavu.

"Kupenda! Mimi napenda kulala. Nani amewahi kuniandika kazi ya kulala?"

Akachukua fimbo yake ya kutembelea akampiga Mogire begani, kisha mdomoni. Damu ikatoka. Mara ya tatu Mogire aliidaka fimbo, na baba na mwana wakaanza kuvutana, wakihema, macho yamewatoka. Mama yao, Mong'ina, alikuja mbio akajitupa katikati yao.

"Ee Nyasae, Mungu wangu! Mtauana mbele ya mtoto?"

Mzee Ombui aliachilia fimbo.

"Jumapili jioni nikiikuta mizinga hii hapa, nitaichoma moto," alisema. "Na wewe, Mogire, utatafuta baba mwingine wa kukulea."

Drusilla alilia bila kujificha. Hakuwa akilia kwa ajili ya nyuki. Aliogopa kwamba kaka yake angefukuzwa nyumbani na asirudi tena.

Jumamosi walikwenda kanisani, wakakaa benchi moja bila kusemezana. Jumapili jua lilikuwa kali sana. Mzee Ombui alikuwa chini migombani, na mama alikuwa sokoni. Mogire alitoka chumbani akiwa amejifunika pazia kuukuu kichwani na kuvaa soksi mikononi.

"Navuna leo," alimwambia Drusilla. "Nikipata asali ya kumwonyesha Tata, atanyamaza."

"Lakini si ulisema nyuki hufunguliwa jioni, jua likipoa?"

"Jioni Tata atakuwa hapa na kiberiti."

Drusilla alitazama ng'ambo ya ua. Jirani yao, Omwenga, ambaye wao walimwita Baba Ogoti kwa jina la mwanawe, alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, wa kisasa wa maziwa mengi, mweusi mwenye madoa meupe, aliyefungwa kwa kamba kwenye kigingi. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyosomesha watoto wa Omwenga.

"Na ng'ombe je?" aliuliza.

"Omwenga na watu wake ni Wakatoliki. Wako misa mpaka saa nane. Hakuna mtu hapo wa kuumwa."

Ni kweli, hakukuwa na mtu. Lakini ng'ombe hakwenda misa.

Mogire alifungua mzinga wa kwanza bila moshi wa kutosha, kwa sababu majani aliyoyawasha yalizimika. Hakungoja. Akafungua wa pili, akakata sega, asali ikamwagika, na mkono ukamteleza. Mfuniko ulianguka juu ya mzinga wa tatu kwa kishindo. Papo hapo mvumo ule ukageuka kuwa mngurumo. Nyuki walitoka wakiwa wengi hata kivuli chao kikaonekana chini.

Mogire alipiga yowe akatupa kila kitu. Alikimbia kuelekea nyumbani akijipiga kichwani, pazia likamtoka. Nyuki waliobaki bila mtu wa kumuuma waliruka ua.

Ng'ombe wa Omwenga alianza kwa kutikisa masikio. Kisha akaruka. Alizunguka kigingi mbio, kamba ikajizungusha, ikawa fupi, ikamkaba. Alipiga mateke hewani akilia kwa sauti ambayo Drusilla hakuwahi kuisikia kwa mnyama. Drusilla hakufikiri. Alipenya kwenye ua akaenda kuifungua kamba. Fundo lilikuwa limekazwa na uzito wa ng'ombe mzima. Nyuki walimuuma shingoni, midomoni, kwenye kope. Kwato ikampiga pajani akaanguka.

Kitu kizito kilimfunika. Lilikuwa blanketi, na ndani ya blanketi ilikuwa mikono ya baba yake. Mzee Ombui, aliyesikia mayowe kule migombani akapanda mbio, alimbeba hadi jikoni, akafunga mlango kwa mgongo, akamkwangua miiba kwa ukucha, mmoja baada ya mwingine. Uso wake mwenyewe ulikuwa umevimba mpaka jicho moja likazibika. Hakujigusa.

Nje, ng'ombe alilia mara chache zaidi, kisha akanyamaza.

Siku hiyo padri hakufika, kwa hiyo ibada ilikwisha mapema. Omwenga alirudi nyumbani akiwa na shati lake jeupe la kanisani, akamkuta ng'ombe wake amelala, ulimi nje, macho hayaonekani kwa uvimbe. Alipiga kelele za msiba. Vijana waliokuwa barabarani walikuja mbio, wengine na mapanga, wengine na mawe. Nyuki walikuwa wametulia kidogo. Watu ndio waliokuwa wamechafuka.

"Mtoeni huyo msomi!" walipaza sauti. "Mtoeni!"

Jiwe lilivunja dirisha la sebuleni, na picha ya Mogire ikaanguka. Mzee Ombui alitoka nje, Mogire nyuma yake, na Drusilla nyuma yao akichungulia kwa jicho moja.

"Umeniulia ng'ombe!" Omwenga alisema akimnyooshea Mogire panga. "Umewaulia watoto wangu karo!"

Mogire alitazama panga lile, akatazama watu, na woga ukamshinda.

"Si mimi!" alisema. "Ng'ombe wako ndiye aliyefika uani akagonga mzinga! Ungemfunga mbali!"

Omwenga alinguruma akashusha panga. Mzee Ombui aliinua mkono kumkinga mwanawe. Panga lilimpata chini ya kiwiko, nyama ikafunguka, na damu ikaruka hadi kwenye shati jeupe la Omwenga. Mzee alipiga goti. Hata hivyo hakutoka mbele ya Mogire.

"Huyu ni wangu," alisema kwa meno yaliyokazwa. "Anayemtaka apite kwangu kwanza."

"Chomeni nyumba!" kijana mmoja alipiga kelele. Wengine walikuwa tayari wamewasha majani makavu na kuyatupa kwenye mizinga. Moto ulishika, masega yakayeyuka, na harufu ya asali iliyoungua ikajaa kila mahali. Kijana mwingine alikuja na kijinga cha moto kuelekea paa la jikoni.

Drusilla alijua kwamba akisema kweli, huenda Mogire akauawa pale pale. Alijua pia kwamba uongo ule ndio uliompasua baba yake mkono. Akatoka akasimama kati ya baba yake na Omwenga, akiwa amevimba hivi kwamba watu wawili watatu hawakumtambua.

"Ng'ombe hakugonga kitu!" alisema akilia. "Alikuwa amefungwa pale pale kwenye kigingi. Mogire alifungua mizinga juani. Nilimwambia kuhusu ng'ombe, hakunisikiliza. Mimi nilijaribu kukata... kufungua kamba, nikashindwa. Nisamehe, Baba Ogoti."

Omwenga alimtazama mtoto yule, akaitazama mikono yake iliyochubuliwa na kamba. Akatazama panga lake. Kisha likamtoka mkononi, akaketi chini kwenye vumbi.

Mogire naye alipiga magoti. "Amesema kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidanganya. Ni mimi."

"Umesikia, Omwenga," Mzee Ombui alisema, damu ikimtiririka vidoleni. "Kosa limetoka kwangu. Mchukue mtamba wangu, ni wa gredi kama wako. Lakini waambie vijana hawa waende makwao."

Omwenga aliwafukuza mwenyewe, kisha akavua shati lake jeupe akaufunga mkono wa Mzee Ombui. Wakaenda zahanati pamoja, aliyekata na aliyekatwa, kila mmoja akiinamisha kichwa.

Kesho yake wazee wa kijiji waliketi na pande zote mbili wakakubaliana. Mogire ndiye aliyeambiwa ampeleke mtamba kwa mkono wake. Drusilla alimkuna shingoni mara ya mwisho, akashindwa kumwambia lolote. Drusilla hakuwa amemdhuru mtu, na bado yeye ndiye aliyelipa. Jambo hilo lilimuuma kuliko nyuki.

Jioni hiyo Mogire aliingia sebuleni na begi.

"Tata, nakwenda Kisii kuomba ile kazi ya duka," alisema. "Nyuki basi. Ulikuwa na haki."

"Keti," baba yake alimwambia.

Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji, na picha iliyovunjika kioo ilikuwa mapajani mwake.

"Sikuwa na haki," alisema. "Nilikutisha kwa kiberiti ukakimbilia kufungua mizinga juani. Nusu ya kifo cha ng'ombe yule ni yangu. Nilitumia fimbo mahali pa kutumia mdomo, na Omwenga akatumia panga, na karibu tuchomewe nyumba. Nisamehe, mwanangu."

Mogire hakujua aangalie wapi. Hakuwahi kusikia neno hilo kutoka kwa baba yake.

"Sasa nawe nisikie," Mzee aliendelea. "Kupenda kazi si kosa. Mtu aliyesoma anaweza kufuga nyuki, akachonga, akapika, akaimba, na isiwe aibu kwa aliyemsomesha. Kosa lako ni kudhani kwamba kupenda kunatosha. Hesabu hukuzipenda, ukazisoma miaka minne. Nyuki unawapenda, hukuwasoma hata siku moja. Kitu unachokipenda ndicho cha kukisoma zaidi, kwa sababu hicho ndicho utakachotaka kukifanya haraka. Na ukikosea, kosa halibaki kwako peke yako. Linaruka ua." Akamgeukia Drusilla. "Na wewe umenifundisha jana kwamba ukweli unaweza kusimama mbele ya panga. Ukikua, ufanye kazi yoyote uipendayo, lakini usiache hilo."

Basi Mogire akaenda Nyansiongo, ambako mashamba ni mapana, kwa mama mmoja aitwaye Nyakerario aliyefuga nyuki kwa miaka mingi. Alimwandikia hesabu zake mchana, na jioni akajifunza kuwasha moshi usiozimika, kuvaa vazi la kujikinga, na kusubiri. Nyakerario alimkataza kugusa mzinga mpaka miezi miwili ipite. Mogire alinung'unika, kisha akazoea.

Likizo ya Agosti alirudi na mizinga miwili. Kabla ya kuishusha alikwenda kwa Omwenga kuomba ruhusa. Mizinga ikawekwa chini kabisa karibu na mto, mbali na nyumba na mbali na majani chai ya watu. Mzee Ombui alikuwa amepafyeka mahali hapo kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukuwa umepata nguvu.

Jua lilipopoa, Mogire alivaa vazi lake akawasha moshi. Drusilla na baba yake walisimama mbali. Mogire aliinua mkono kuushika mfuniko, kisha akaushusha. Akageuka akapaza sauti kuelekea juu:

"Baba Ogoti! Ng'ombe yuko wapi?"

Omwenga alitokea uani akiwa na kamba mkononi. "Yuko zizini, nimefunga mlango," alijibu. "Fungua."